Kutoka Vilima vya Batsinda hadi Fukwe Zisizo na Gati

Batsinda haina ziwa wala mto wa kupitisha mtumbwi. Ni mtaa wa vilimani, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali, katika Tarafa ya Kinyinya, Wilaya ya Gasabo. Karibu mwaka 2008 familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini, katikati ya jiji, zilipelekwa huko na kuanza maisha mapya katika nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari. Tangu hapo mtaa umepanuka, maduka yameongezeka, na mabasi ya kwenda Nyabugogo hujaa kabla jua halijachomoza. Mtu akisimama pale kituoni, popote atakapogeuza macho ataona kilima, na nyuma ya kilima hicho kilima kingine. Habari za meli na fukwe za mbali zingedhaniwa kuwa hazimhusu hata kidogo.

Hata hivyo, jioni inapoingia, harufu ya sambaza wanaokaangwa hutoka jiko hadi jiko. Samaki hawa wadogo, urefu wao kama wa kidole, ni kitoweo cha mwenye mshahara mdogo na cha mwenye mshahara mnono pia, na mama mwenye watoto watano anajua jinsi kipimo kimoja cha sambaza kinavyoweza kuokoa chakula cha usiku. Wachache wanajua kwamba samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa katika Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa namna yake. Akakubaliana na maji yale, akazaana, akawa riziki ya maelfu ya watu. Hivyo sahani moja ya sambaza katika Batsinda ina habari za maziwa mawili, na anayetaka kuzifuata habari hizo hadi chanzo chake hana budi kupanda chombo cha majini.

Mwanzo wa safari hiyo si mgumu. Kutoka Nyabugogo basi hupanda na kushuka milima mpaka Musanze, mji ulio karibu na volkano, ambako wageni wa mataifa yote hufika kuwatazama gorila. Yafaa kukumbuka jambo moja la hapo, kwani litarudi baadaye: kundi moja la gorila hutazamwa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, tena kwa muda wa saa moja tu. Mwenye fedha nyingi na mwenye cheo kikubwa wote hufuata hesabu hiyo. Baada ya Musanze barabara huteremka, hewa hubadilika, na baada ya kilomita zipatazo 155 kutoka Kigali, Ziwa Kivu hujitokeza mbele ya macho pale Rubavu.

Kivu liko juu sana, mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake hufikia karibu mita 480. Katika maji ya chini kabisa imeyeyuka gesi nyingi, na methani iliyomo huvutwa kwa mabomba karibu na Karongi na kuendeshea mitambo ya umeme. Kwa mtazamaji aliye ufukoni hayo yote yamefichika. Anachokiona ni wavuvi wakiondoka magharibi, mashua tatu tatu zilizofungamanishwa kwa miti mirefu, wakipiga kasia kwa kufuata wimbo, na usiku taa zao zikitapakaa majini. Hao ndio wanaovua sambaza wa Batsinda.

Katika miaka ya karibuni imeingia ziwani humo meli ndogo ya kitalii iitwayo Kivu Queen uBuranga, yenye vyumba 10 tu vya kulala. Hutembea polepole kati ya visiwa na ghuba, ikatia nanga pasipo na mji, na wageni wakashuka kwa mashua kutembea katika mashamba ya kahawa. Bei yake si ya koplo wala ya mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna haja ya kujidanganya. Lakini namna yenyewe ya kusafiri, yaani chombo kidogo, watu wachache, na kufika mahali ambapo meli kubwa haiwezi kukaribia, si mpya katika sehemu hizi. Ilikuwako zamani, tena kwa nauli ya mkulima.

Maji ya Kivu hutoka upande wa kusini kwa Mto Rusizi, yakaporomoka karibu mita 700 mpaka kufika Ziwa Tanganyika. Mto huo haupitiki kwa meli. Msafiri wa Batsinda anayetaka kuliona ziwa hilo la pili upande wa Tanzania hufuata barabara ya Rusumo, akapita Nyakanazi, Kibondo na Kasulu, mpaka Kigoma. Na hapo Kigoma hukutana na meli ambayo jina lake la kwanza lingemshangaza.

MELI ILIYOZIKWA IKAFUFUKA

Mwezi Mei mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, alivuka na kuingia Rwanda kwa upande wa Rusumo. Alikuwa ametoka Pangani, pwani ya Bahari ya Hindi, pamoja na mamia ya wapagazi. Alikutana na Mfalme Kigeli Rwabugiri, kisha akaendelea magharibi hadi akaliona Ziwa Kivu, na mwisho wa mwaka huo alifika upande wa pili wa Afrika, kwenye Bahari ya Atlantiki. Vitabu vya zamani humsifu kuwa msafiri hodari. Mzigo aliokuwa nao hakuubeba yeye, jambo ambalo vitabu hivyo hulitaja kwa haraka. Baadaye, tangu mwaka 1901 hadi 1906, alikuwa gavana wa makoloni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, na ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, vikaleta njaa na mauti kusini mwa Tanganyika.

Jina la bwana huyo ndilo lililobandikwa kwenye meli iliyoundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ilikuwa na urefu wa mita 71 na kidogo. Baada ya kuundwa ikafumuliwa vipande vipande, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa gari la moshi. Mafundi watatu kutoka Papenburg walifuatana na masanduku hayo ili kuiunga upya. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha anza, ikatumika kubeba askari na silaha.

Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haiwezi kushikika tena, waliamua kuizamisha wao wenyewe. Lakini mafundi wale hawakuwa na moyo wa kuiua kazi ya mikono yao. Waliipaka mitambo mafuta mazito ili isiliwe na kutu, wakaijaza meli mchanga, wakailaza chini ya maji kwa taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa tena, wakaikuta mitambo ikiwa bado inafaa. Mwezi Mei 1927 ilianza kazi upya ikiwa na jina jingine, Liemba, ambalo ni jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa hilo. Jina la gavana likabaki katika vitabu.

Kwa muda wa miongo mingi tangu hapo Liemba ilikuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, na kurudi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, na vijiji vingi vya mwambao wake havikuwa na barabara wala gati. Meli ilisimama kilindini, hata kama ni saa nane za usiku, ikapiga honi. Taa ziliwaka ufukoni, na mashua za mbao zilikuja mbio kupigania nafasi ubavuni mwa meli. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa. Magunia ya dagaa, magodoro, mbuzi, mananasi, wagonjwa na maharusi vilipokezanwa kwa mikono huku mashua zikipanda na kushuka na mawimbi. Akina mama waliwakabidhi watoto kwa watu wasiowajua, kisha wao wenyewe wakaruka. Pale Lagosa walishuka pia wageni wachache waliokuwa wakielekea Milima ya Mahale, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, kuwatazama sokwemtu.

Mwaka 2015 kazi ya meli hiyo ilikuwa nyingine. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikuwa wamekusanyika Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa, mahali pasipo na barabara ya gari. Kipindupindu kikazuka. Liemba ilitumwa kuwachukua hadi Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari moja, nayo haikuweza kufika ufukoni. Wakimbizi walisogezwa kwa mashua, wazee na watoto kwanza, wakihesabiwa wanapopanda. Kwa watu wale ile meli ya zaidi ya miaka 100 tangu iundwe haikuwa kitu cha kumbukumbu. Miaka ya karibuni ilisimama kwa ajili ya matengenezo makubwa, kwa hiyo mwenye nia ya kusafiri nayo na aulize kwanza bandarini Kigoma.

CHINI KABISA YA DUNIA

Ustadi huu wa kushusha watu mahali pasipo na gati unatumiwa pia mbali sana na huku, katika bara la Antaktika, kwenye Ncha ya Kusini, ambako hakuna kijiji wala mwenyeji isipokuwa watafiti katika vituo vyao. Mwezi Januari 1966 Lars-Eric Lindblad, Mmarekani mzaliwa wa Sweden, aliwapeleka huko watalii 57 kwa meli iliyokodiwa kutoka jeshi la maji la Argentina. Safari ilipofaulu aliagiza iundwe meli ya kazi hiyo peke yake. Iliundwa Finland mwaka 1969, ikaitwa Lindblad Explorer, ikapakwa rangi nyekundu ili ionekane katikati ya barafu. Urefu wake ulikuwa mita 73 hivi. Msomaji atakumbuka kwamba ya Kigoma ina 71. Zingewekwa ubavu kwa ubavu, mtoto asingeweza kutambua iliyo ndefu.

Safari za namna hiyo huanza zaidi katika mji wa Ushuaia, Argentina, na hufanyika kati ya Novemba na Machi, wakati ambapo kule ni majira ya kiangazi (kiangazi ambacho mtu wa Batsinda angekivalia makoti matatu). Baada ya siku mbili hivi za bahari yenye mawimbi makali, milima ya barafu huanza kuonekana ikielea. Meli husimama mbali. Mashua za mpira zilizojazwa upepo hushushwa, na abiria huingia kumi kumi, wakashikana mikono na mabaharia namna ya mabaharia, yaani kifundo kwa kifundo, ili mkono wenye maji usiteleze. Kabla ya kukanyaga ufuko, buti husafishwa kwa dawa, mbegu au ugonjwa wa nchi nyingine usije ukaingia. Pengwini, wale ndege wasioruka ambao huenda kwa miguu kama maafisa waliovaa sare, hawakaribiwi chini ya mita 5.

Na hapa ndipo hesabu ya gorila wa Musanze inaporudi. Mwaka 1991 wenye meli za huko waliunda umoja wao na kujiwekea masharti. Watu walio nchi kavu mahali pamoja wasizidi 100 kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu yeyote. Hao watazame kwa mbali kisha waende zao. Hivyo meli ndogo, ambayo katika bahari nyingine huonekana maskini mbele ya majabali ya ghorofa kumi na tano, kule ndiyo yenye heshima, kwa sababu watu wake wanahesabika.

Kuhesabika huko si neno la kupamba maandishi. Katika meli nyingi za namna hiyo palitundikwa ubao wenye vibao vya nambari, kila abiria na nambari yake. Anayeshuka hugeuza kibao chake; anayerudi hukigeuza tena. Meli haing'oi nanga mpaka vibao vyote vitazame upande mmoja. Askari hatashangazwa na jambo hilo, kwani yeye huitwa jina lake gwarideni, na polisi wa zamu hawezi kukabidhi lindo bila kuhesabu mahabusu waliomo. Raia ndiye huona ni usumbufu.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 2007 meli ile nyekundu, wakati huo ikiitwa Explorer tu, iligonga barafu karibu na Kisiwa cha King George. Maji yakaingia. Ndani mlikuwa na watu 154, abiria, waongozaji na mabaharia pamoja. Waliamshwa, wakavaa nguo za joto na majaketi ya kuokolea maisha, wakakusanyika mahali palipopangwa, wakahesabiwa, wakateremshwa katika mashua kabla ya mapambazuko. Walikaa saa kadhaa katika baridi ile, wengine wakitapika, mpaka meli ya Norway iitwayo Nordnorge ilipowafikia. Siku iyo hiyo Explorer ilikwenda chini ya bahari, wala haikuinuliwa kama ile ya Kigoma. Watu waliotolewa majini walikuwa 154.

DARAJA LA TATU

Maji ya maziwa ya Afrika Mashariki hayana barafu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, asubuhi, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika. Hesabu iliyotangazwa ya waliokufa ilikaribia 900, hali meli yenyewe iliruhusiwa kubeba watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo. Daraja la tatu, lenye nauli ndogo, ambamo walipanda wauza ndizi, wanafunzi na akina mama na watoto wao, halikuwa na orodha. Kwa hiyo zipo familia ambazo hazikuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba mtu wao alikuwamo.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kuchukua watu 101 kilipinduka kikikaribia kufika Kisiwa cha Ukara, watu wakiwa ufukoni wanakitazama. Waliokufa walikuwa 228. Mwezi Oktoba 2024 ikawa zamu ya Kivu lenyewe, pale chombo kilichotoka Minova kilipozama mbele ya macho ya watu karibu na Goma, kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi. Hayo ni maji yale yale ya sambaza.

Kwa familia ya Batsinda inayokusudia kutumia likizo ya baba kwenda Rubavu au Karongi na kupanda boti mpaka kisiwani, maandalizi si mengi. Sweta ni lazima, kwani upepo wa asubuhi juu ya maji ni mkali kuliko wa mtaani. Chupa ya chai ya tangawizi humtuliza mwenye kichefuchefu, na ni heri kuondoka mapema, kabla upepo wa mchana haujaamsha mawimbi. Mayai ya kuchemsha na viazi husafiri vizuri, maandazi hulowa. Kila mtu avae jaketi lake kabla boti halijaondoka, na la mtoto liwe la kimo chake, kwa maana lile la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoingia majini. Nahodha asiye na majaketi ya kutosha, au anayeendelea kuita abiria wakati viti vimekwisha, na aachwe aende peke yake hata kama nauli imekwisha lipwa.

Na karani anapopita na daftari lake kuandika majina, akauliza wako wangapi, mama asijibu kwamba wako wanne na huyu mdogo. Ajibu watano, na jina la mtoto aliye mgongoni liandikwe katika mstari wake.